Ahmed amekonda

Desemba 2008 babu yangu mzaa mama alishuka kutoka Marsabit kuja kupimwa macho. Lami siku hizo iliishia Isiolo, na yeye alisafiri juu ya lori la ng'ombe, kwa hivyo alipofika kwetu Eastleigh vumbi lilikuwa limemwingia hadi kwenye kope. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampa dawa ya matone na kumwambia arudi Jumatatu. Hapo ilikuwa Alhamisi. Siku nne katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kwa mtu aliyezoea kuamka akatazama mlima! Kufikia Jumamosi asubuhi alikuwa ameshahesabu vidato vya ngazi mara mbili, na hesabu hazikuoana.

"Babu, twende makavazi."

"Kuna nini?"

"Kuna Ahmed."

"Ahmed yupi?"

"Ndovu."

Akanitazama kama mtu anayepigiwa porojo. "Ahmed alikufa, mama. Nilikuwako."

"Alikufa, ndiyo. Lakini yuko huko."

Akainuka kutafuta fimbo yake.

Makavazi ya Kitaifa yalikuwa yamefungwa tangu Oktoba 2005 kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Juni ile ya 2008. Mimi nilikuwa nimeyaona mara moja tu, nikiwa darasa la tano, tukiwa tumepangwa wawili wawili na kukatazwa kupumua. Matatu ilitushusha Museum Hill, tukapanda polepole. Mlangoni kuna mnara wa vibuyu vilivyopandana. Babu alidhani ni duka.

Dirishani pa tiketi, kabla yule dada hajafungua kinywa, Babu alishaingiza mkono kifuani na kutoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho. Kwetu kaskazini mtu hujifunza kukitoa upesi. Kutoka Marsabit hadi Nairobi alikuwa amekitoa kwenye kila kizuizi, na kila mara kikageuzwa na kutazamwa nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa. Dada akakitupia jicho, akakirudisha kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Raia, bei yako ni hii."

Nilimweleza ya kwamba wageni wa nje, kama wale wazungu nyuma yetu, hulipa zaidi. Akageuka akawatazama vizuri, kisha akakitazama kitambulisho. "Kwa hivyo leo kimenisaidia." Akacheka peke yake hadi ndani.

Kwa sababu ya macho yake nilikuwa nasoma maandishi ukutani kwa sauti. Nikamsomea kuwa makavazi yalianzishwa 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, pale ilipo Nyayo House leo. Kwamba yalihamishwa 1922, na mwishowe yakaletwa kilimani hapa na kufunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana. Jina hilo likaondolewa baada ya uhuru.

"Walikuwa wanakusanya nini?"

"Wadudu, Babu. Ndege. Mimea."

"Na mifugo nani alichunga?"

Sikuwa na jibu. Ukumbi wa ndege, wenye mamia ya ndege waliokaushwa, alipita kama mtu anayepita soko la watu wengine. Kwa yule mtoto wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale, alisimama. Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta mifupa ya kale, ndiye aliyeanza kuiona mifupa yake mwaka 1984, Nariokotome, magharibi ya ziwa, na umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu. "Mtoto?" Babu akauliza, akijipima naye kwa mkono. "Mrefu huyu." Basi.

Ahmed yuko sehemu mbili. Uani kuna sanamu yake ya ukubwa kamili, ya faibaglasi. Nilimpeleka hapo kwanza, nikitarajia nini sijui, labda machozi. Babu akazunguka nusu, akakunja macho, akasema, "Huyu siye. Huyu ni plastiki." Nikamwambia pembe zinafanana. Akakubali, kwa shingo upande, kwamba pembe zinafanana.

Ndani ndimo ilimo mifupa yake. Babu alisogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa, na mlinzi akasema kwa upole, "Mzee, tafadhali." Akarudi hatua moja. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akaanza kusimulia bila kunitazama.

Alikuwa kijana, ameingia msituni kukata fito za nyumba. Asubuhi kwenye mlima wa Marsabit ukungu huwa mzito, miti inadondosha maji kama mvua. Akasikia matawi yakivunjika, akatulia, ndipo zikatokea pembe. Pembe peke yake, alisema, mwili ukiwa bado ukunguni, na ncha zake chini kabisa karibu na nyasi. Nyuma ya ndovu wakatokea askari wawili wenye bunduki. Maana mwaka 1970 Rais Kenyatta alikuwa ametoa amri Ahmed alindwe usiku na mchana, kwa hofu ya majangili. Kila pembe ilikuja kupimwa ikawa kilo 67 hivi.

"Wakafanya nini?"

"Wakaniuliza kitambulisho." Akanyamaza kidogo. "Yeye hawakumuuliza."

Mlinzi alicheka kabla yangu.

Tulimaliza kwenye mkahawa, ambako chai ya maziwa iliuzwa bei ambayo sikumtajia. Mbele yetu kulikuwa na kibao cha bustani ya nyoka. Nikamuuliza kama angependa kuingia, maana tungeongeza pesa kidogo tu. Aliweka kikombe chini. "Nilipe nione nyoka?" Watoto wa meza ya pili waliangua kicheko, naye akawapungia mkono kama mtu mashuhuri.

Jioni aliomba simu ampigie mdogo wake nyumbani. Mtandao kule ulikuwa wa kupandia kilima, kwa hivyo alipaza sauti, na jengo zima likasikia Kiborana chake. Salamu zilichukua dakika tatu: mvua, ngamia, watoto, ngamia tena. Halafu nikasikia jina la Ahmed. Upande wa pili aliulizwa kitu, akafikiri.

"Ndiyo, nimemwona kwa macho yangu," alisema. "Lakini amekonda sana."