Stelingi Hafi

Mjomba alikuwa na kibanda cha video Kayole, Nairobi. Kuta zilikuwa za mabati, na dirisha moja alilokuwa nalo alilifunika kwa blanketi la kijivu ili mwanga usiingie. Deki aliifunga kwa mpira wa tairi kwa sababu ilizoea kutema kanda katikati ya picha. Mtoto alilipa shilingi 5, mtu mzima 10. Tukishabanana kwenye mabenchi, Mjomba alisimama kando ya runinga na kutafsiri tangu mwanzo hadi mwisho, sauti zote zake: ya adui, ya mama mzee, ya askari. Na sheria ya kibanda kuhusu shujaa wa picha ilikuwa moja. Stelingi hafi.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Enter the Dragon. Naipenda hadi leo, na sababu ni lile pambano la mwisho kwenye chumba cha vioo. Bruce Lee ana mikwaruzo ya kucha kifuani, adui yuko kila mahali na hayupo popote. Hakuna mwendo wa kasi hapo. Ni mtu anayetafuta, anasikiliza, halafu anaanza kuvunja vioo kimoja kimoja. Filamu nyingi za siku hizi hukatakata pambano mpaka hujui ngumi imetoka wapi. Mjomba alikuwa akifika hapo anashusha sauti karibu anong'one, nasi tunaacha kutafuna njugu.

Mwaka 2018 nilimpigia simu nikamwambia nataka nimpeleke mjini kutazama Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina. Kibanda kilikuwa kimefungwa zamani. DVD za bei rahisi zilimpunguzia wateja, kisha simu zikamaliza waliobaki. Mimi nilikuwa nimeitazama mara moja peke yangu. Nilijua kwamba ndani yake kuna mtu anayeendesha kibanda cha video kijijini na kutafsiri picha akiwa amesimama, kama yeye. Nilijua pia kwamba inahusu msichana wa miaka 9, Jo, mgonjwa ambaye hatapona. La kwanza nilimwambia. La pili sikumwambia.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Tukiwa kwenye foleni ya tiketi tukaanza ubishi wetu wa kawaida. Yeye kipimo chake ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kwa sababu mhusika wake mkuu, Mwas, anaanza maisha akiuza DVD huku akiwaigizia wateja vipande vya picha. "Yule anaijua kazi," alisema. Mimi ninachokumbuka zaidi ni seli, pale Mwas, aliyeporwa mara tu alipotia mguu Nairobi, analazimishwa kusafisha choo ambacho mtu akikiona anahisi harufu. Anakisafisha akiigiza, akiimba, mpaka wafungwa wengine wanamheshimu. Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo, na kwangu mimi aliistahili kwa dakika zile tu. Kuhusu Black Panther tulikubaliana upesi: nguo nzuri, Lupita mzuri, ila adui aliyekufa ndiye aliyekuwa na hoja.

Taa zikazimwa. Nilikaa nikimwangalia yeye kuliko nilivyoangalia picha. Dada yake Jo, Mwix, anamwaminisha mdogo wake kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima cha Maweni kinaingia katika mpango huo ili mtoto aamini. Alipotokea yule wa kibanda na kuanza kutafsiri, nikasikia pembeni yangu sauti niliyoifahamu. Mjomba alikuwa akitafsiri pamoja naye. Kwanza chini chini, halafu kwa sauti kamili, mkono umeinuka kama zamani alipokuwa akionyesha watu kwenye runinga. Mama mmoja mbele yetu aligeuka. Nilidhani atamnyamazisha. Akamwangalia, kisha akarudi kwenye kiti chake na kuegemea.

Jo alipokufa, mkono wa Mjomba ulikuwa umeshuka kwenye goti. Hakusema neno.

Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu bora kuwahi kutengenezwa na Wakenya, na sisemi hivyo kwa sababu ni yetu. Ingekuwa rahisi kumponya yule mtoto, au kutukamua machozi tangu dakika ya kwanza. Badala yake inakaa na mama yake, mkunga aliyewapokea watoto wa wenzake na sasa hana la kumfanyia wake. Inamwacha akasirike. Inamwacha hata akosee.

Tulitoka tukatembea kuelekea steji ya Ronald Ngala. Nilimwomba msamaha kwa kutomwambia. Tulikuwa tumefika Moi Avenue ndipo akajibu.

"Bruce Lee alikufa Julai 1973," alisema. "Ile picha hata ilikuwa haijaanza kuonyeshwa. Mnakaa hapo mnapiga makofi, mtu amezikwa zaidi ya miaka 20."

"Ulijua?"

"Nilijua siku zote. Ningewaambiaje? Mlikuwa watoto."

Tukasimama kungoja magari yapite. Nilikumbuka siku nilipobishana na kijana mmoja wa darasa la nane aliyesema Bruce Lee ni marehemu, nikakimbia kwa Mjomba kumuuliza. Alikuwa akisafisha deki kwa pamba na spiriti. Alisema bila kuinua kichwa: "Stelingi hafi. Keti, picha inaanza."

Pale steji, gari likiwa bado linaita abiria, akaniuliza jambo lingine.

"Na yule farasi wako?"

Ilinichukua muda kuelewa. Karibu na mwisho wa kibanda, Mjomba alinunua PlayStation 2, na vijana wote wakawa wanalipia gemu za mpira. Mimi nilikuwa nikija asubuhi kabla ya wateja kucheza Shadow of the Colossus. Kijana anaingia nchi tupu na farasi wake, Agro, ili amfufue msichana aliyekufa. Anaambiwa aue majitu 16. Hakuna maadui wengine, ni upepo na majani na mwendo mrefu. Mengine kati ya majitu hayo hayana habari nawe mpaka uyachokoze, na likianguka moja muziki unaopigwa ni wa huzuni. Siku moja Mjomba alisimama na ufagio akatazama jitu linaanguka. "Kwani huyu amekukosea nini?" aliuliza. Sijawahi kuulizwa swali zito zaidi kuhusu gemu yoyote. Baadaye, kabla ya jitu la mwisho, daraja lilivunjika na Agro akatumbukia bondeni. Nililia, nikazima mashine. Wiki hiyohiyo Mjomba akaiuza kulipa kodi ya kibanda.

"Nilikuja kuimaliza nikiwa mtu mzima," nilimwambia. "Alirudi, Mjomba. Mwisho kabisa, akichechemea mguu mmoja."

"Alirudi?"

"Alirudi."

Akapanda gari, akakaa dirishani, akakifungua kioo.

"Sasa hiyo," alisema, "ndiyo ungenipigia simu kuniambia."