Mashine ya kukereza na vumbi la Dodoma

Mashine inazunguka tena leo, na kabla sijasahau naandika hapa yaliyonisumbua wiki hizi, maana kuna mambo kuhusu mashine ya kukereza mbao (ile inayozungusha mbao huku wewe unaichonga kwa patasi) ukiwa Dodoma ambayo kile kijitabu kinachokuja nayo hakina. Kijitabu kinamfikiria mtu mwenye chumba kilichofungwa vizuri na umeme uliotulia. Mi niko Nkuhungu, kibanda changu ni mabati pande tatu, upande wa nne uko wazi, na upepo wa Agosti ukiamka unaleta ule mchanga mwekundu mpaka kwenye kikombe cha chai.

Mashine yenyewe ni ndogo, ya kukaa juu ya meza, mota yake nusu hosipawa, kasi unabadilisha kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. Nakereza miguu ya vigoda, michi, vijiti vya kusukumia chapati, na nikipata kipande kizuri cha mninga natoa bakuli. Naipenda sana kazi hii, nisifiche.

Sasa ilianza hivi, unabonyeza swichi mota inaunguruma tu mmmm haizunguki. Jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akaja akasikiliza akasema hiyo imeungua mwanangu, peleka wakaiwaindi, yaani wakaizungushie waya mpya ndani. Nikamwambia sawa mzee wangu, ila moyoni nikakataa, kwa sababu mota iliyoungua huwa inanuka, ile harufu ya vanishi huwezi kuikosa, na mara nyingi inaangusha breka. Hii haikunuka. Nikatoa mkanda, nikahakikisha hakuna kitu kimefungwa kwenye shafti, nikawasha na kuisukuma puli ya mota kidogo kwa kijiti (kijiti jamani, sio kidole), ikashika hapo hapo ikazunguka vizuri kabisa. Hicho kipimo kidogo kinakuambia mengi. Mota za umeme wetu wa majumbani, wa fezi moja, haziwezi kujianzisha zenyewe, zinahitaji waya wa pili wa kuanzia unaosukumwa na kapasita ili mota ijue izunguke upande gani. Kwa hiyo ikikubali baada ya kusukumwa ujue waya mkubwa ni mzima, ugonjwa uko kwenye kuanzia, yaani kapasita, au ile swichi ndogo ya ndani inayojiachia mota ikishakolea mwendo, au huo waya wa kuanzia wenyewe.

Wengi hapo wanakimbilia kununua kapasita. Mi nikaipima kwanza. Na hapa niseme kwa herufi kubwa kama ingewezekana, kapasita inatunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, usiishike hivi hivi, mimi natumia holda yenye balbu na waya mbili naigusisha kwenye miguu yake mpaka nina uhakika imeisha. Mita ikasoma sawa na ilivyoandikwa ubavuni. Kapasita nzima! Ndo nikakumbuka kitu, zamani nikizima mashine, ikikaribia kusimama kulikuwa na sauti ndogo "tik" kutoka ndani ya mota, na sikumbuki mara ya mwisho niliisikia lini. Ile tik ndo swichi inarudi mahali pake ikisubiri uwashe tena. Nikafungua kifuniko cha nyuma cha mota, na humo ndani, jamani, unga wa mbao umechanganyika na vumbi jekundu umeganda kwenye vile visahani viwili vya kugusana, swichi imekwama wazi. Nikapiga brashi kavu, nikasugua visahani kwa msasa laini kabisa, nikafuta kwa spiriti, nikachezesha zile springi mpaka zikawa zinaenda na kurudi bila kusita. Nikafunga, nikawasha, ikaondoka. Nikazima nikatega sikio, tik. Nilicheka peke yangu kibandani.

Baada ya hapo nikaamua nisiishie hapo, maana kama vumbi limefika ndani ya mota basi kwenye beringi za shafti limefika pia. Namna ya kujua ni rahisi, toa mkanda, zungusha shafti kwa mkono taratibu, beringi nzima inateleza kimya, ikiwa imekula mchanga unasikia kwenye vidole kama kuna kitu kinakwaruza. Alafu shika shafti uitikise juu na chini, ikicheza hata kidogo tu utaiona baadaye kwenye kazi yako, mbao inatoka na mistari mistari hata patasi ikiwa kali kiasi gani, na wewe unaendelea kulaumu patasi. Yangu ilikuwa inakwaruza.

Nikaenda Majengo kwenye duka la beringi na ile ya zamani mkononi, namba yake 6204, ambayo ni tundu la milimita 20, nje 47, unene 14. Kijana wa dukani akanipa yenye vifuniko vya bati. "Kaka, wote wanachukua hii." Nikamuomba yenye mpira pande zote mbili, ile inayoandikwa 2RS mwishoni. Ya bati, ZZ, haigusi ringi ya ndani, ina kijinafasi, na kwa vumbi letu hako kanafasi ni mlango. Ya mpira inagusa na kufunga kabisa. Inakaza kidogo zaidi kuzunguka, lakini kwa mashine ya mbao isiyofika mizunguko elfu nne kwa dakika hilo sio tatizo. Wakati wa kuivalisha kwenye shafti gonga kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani tu, ukigonga ya nje nguvu inapita kwenye gololi na umeiua kabla haijaanza kazi.

Kitu kingine ambacho nina msimamo nacho ni oili. Shemeji yangu yuko Tanga ana mashine kama hii, yeye anapaka oili kila wiki kwenye reli, zile njia za chuma za chini ya mashine, na yuko sahihi, hewa ya bahari akiacha siku chache tu kutu inaanza. Mi hapa kutu karibu siioni miezi yote ya kiangazi. Nikipaka oili reli zinanasa vumbi na vumbi lenye oili ni msasa wa majimaji, unasukuma kichwa cha nyuma (kile kinachoshikilia ncha ya pili ya mbao) kwenda na kurudi na kila ukisukuma unaisaga chuma yako. Kwa hiyo mi natumia nta, nasugua mshumaa kwenye reli, nafuta na kitambaa mpaka pabaki pakavu panateleza. Grisi naweka kidogo sana kwenye skrubu ya kichwa cha nyuma, basi. Na siku hizi kabla sijafagia kibanda namwagia maji sakafuni kama mama zetu wanavyofanya uani, maana kufagia pakavu ni kulirusha vumbi hewani lirudi kwenye mashine. Kupuliza kwa kompresa nimeacha kabisa, linaingia kwenye beringi na kwenye mota kwa nguvu kuliko hata upepo wenyewe.

Umeme nao. Jioni watu wakisharudi makazini pasi na majiko vinawaka, mita yangu inaweza kusoma volti 180 badala ya 230. Mtu anaona ni upungufu mdogo lakini nguvu ya kuzungusha ya mota hizi inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, ukipiga hesabu kwenye 180 inabaki kama asilimia 60 tu. Ndo maana jioni mashine inakwama ukibonyeza patasi kidogo, mota inapata moto, na mtu anakaza mkanda akidhani unateleza, kumbe anaziongezea beringi mzigo bure. Bakuli kubwa nafanya asubuhi. Jioni nanoa patasi na bobari (patasi yenye mdomo wa mviringo) au napiga msasa. Ekstensheni nyembamba na ndefu nayo inakula volti zako, yangu nimebadilisha nimeweka waya mnene wa milimita za mraba 2.5.

Kichwa cha nyuma kilikuwa hakilingani na cha mbele, ncha mbili zikikutana zinapishana. Nilisafisha tu ile tundu ya ndani na sehemu ya chini inayokaa kwenye reli, zikakutana. Vumbi lile lile.

Kilichobaki ni mota yenyewe. Hii yangu ina matundu ya kupozea kwa hiyo inavuta hewa ya kibandani na kila kilichomo, na kuiziba siwezi maana itaungua kweli safari hii. Nikishamaliza oda ya vigoda natafuta mota iliyofungwa pande zote, ile yenye mapezi mgongoni na feni ya nje, nguvu ile ile, shafti ya unene ule ule ili puli yangu iingie. Kama uko Dodoma na umeona duka lenye mota hizo zilizotumika lakini nzima niandikie, na uniambie kibao chake kinasoma mizunguko mingapi, nahitaji inayokaribia 1,400 sio 2,800.