Klima, kijiji cha wavuvi kisiwani Milos

Nimerejea kutoka Klima, kijiji kidogo cha wavuvi katika kisiwa cha Milos nchini Ugiriki, na bado nimejaa furaha. Nyumba zake zimepangana ukingoni kabisa mwa bahari: chini ni banda la kuhifadhia mashua wakati wa dhoruba za majira ya baridi, na juu ndiyo makazi ya familia. Milango ya mabanda hayo, ambayo wenyeji huyaita syrmata, imepakwa rangi nyekundu, buluu na kijani, na upepo ulipozidi mawimbi yalipanda hadi vizingitini, yakalowesha mbao zilizoanza kubanduka rangi. Mzee aliyekuwa akishona wavu alinisogezea kiti bila kusema neno.

Mlimani juu ya kijiji, karibu na ukumbi wa maonyesho wa kale, ndipo ilipopatikana mwaka 1820 sanamu ya Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki wa kale, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Kwa maoni yangu, ingependeza zaidi kisiwani.

Atakayekwenda namshauri afike asubuhi, kwani jioni watalii hufurika kutazama machweo, tena aombe ruhusa kabla ya kupiga picha milangoni, maana humo wanaishi watu.