Barua ya Buruburu

Aliyeuliza alikuwa binti anayekaa karibu na dirisha, na aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusumbua: "Mwalimu, mbona barua ya Buruburu ipitie Marekani?"

Ilikuwa Julai 2001. Nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo katikati ya Nairobi, orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Wasichana ishirini na wawili, mashine tisa, laini ya simu moja. Modemu ilipoanza kulia, darasa zima lilinyamaza, maana kila dakika ilikuwa pesa na kila mmoja alilijua hilo. Siku hiyo niliwafungulia programu ndogo inayofuata njia ya ujumbe kituo kwa kituo na kuonyesha muda unaotumika kufika kila kituo. Tukaielekeza kwenye mtambo uliopokea barua pepe za shule moja ya Buruburu, ambako baadhi yao walikuwa na marafiki wa kuandikiana. Mistari ikatoka mmoja mmoja, polepole. Nairobi. Nairobi. Kisha miji ya Marekani. Kisha Nairobi tena. Kwenye mstari wa mwisho muda ulikuwa umepita sekunde moja.

Binti yule alikuwa akipanda matatu namba 58 kila Jumamosi kwenda kwa shangazi yake huko huko Buruburu. Njia aliijua, na haikupita Marekani.

Ufundi wake niliweza kuueleza, na niliueleza. Wakati huo Kenya haikuwa na kebo ya chini ya bahari. Hizo zilifika Mombasa mwaka 2009. Kampuni za intaneti zilitoka nje kwa satelaiti, na satelaiti za aina ile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kampuni mbili za Nairobi, hata ofisi zao zikitazamana, hazikuwa na mahali pa kupeana barua hapa nyumbani. Kwa hiyo barua ya mteja wa huyu kwenda kwa mteja wa yule ilipanda angani, ikashuka ng'ambo, ikakabidhiwa, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Kupanda na kushuka peke yake ni zaidi ya kilomita 140,000. Na safari hiyo tuliilipia sisi, kwenda na kurudi, kwa dola.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba mahali pa kupeana palikuwa pameshajengwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana kinachoitwa KIXP. Ukikitazama si kitu cha kutisha: chumba, kabati la chuma, na suichi ambayo kila kampuni inachomeka waya wake. Johannesburg walikuwa na cha kwao tangu 1996. Chetu kilidumu wiki kama mbili. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ilikuwa imeacha mawasiliano ya kimataifa mikononi mwa kampuni moja tu ya simu, nayo ikalalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake, na amri ikatoka kizimwe. Barua inayotoka Nairobi kwenda Nairobi ikahesabiwa kuwa ya kimataifa.

Nilikuwa nikipigana vita vingine wakati huo, na niseme wazi kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa moyoni mwangu zaidi. Vyuo vingi vya mjini vilifundisha kompyuta kama ilivyofundishwa taipureta: kaa wima, weka vidole hapa, chapa barua ya kuomba kazi. Wasichana hasa. Nilipoanza kuwafungulia mashine na kuwaonyesha kumbukumbu iko wapi na ubao mkuu unafanya nini, wazazi wawili walikuja ofisini kuuliza kama nimegeuza binti zao mafundi wa redio. Niliwaheshimu, niliwakaribisha chai, na sikubadilisha somo. Mtu anayejua kuchapa tu hawezi kuuliza swali la Buruburu.

Wiki ile ile nilikuwa nimealikwa kwenye kikao cha maafisa waliokusanya maoni juu ya teknolojia na elimu. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu bei ya kompyuta na uhaba wa walimu. Usiku wa kuamkia kikao nilizisoma upya nikaona ni malalamiko waliyokwisha kuyasikia. Nikaziweka kando. Asubuhi nikampitia binti yule pamoja na mwenzake, tukapakia kompyuta kwenye teksi, ile skrini nzito ya zamani nikiwa nimeipakata mapajani mpaka miguu ikafa ganzi.

Ukumbi ulikuwa orofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa, tukapandisha mashine kwa ngazi. Nje kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa, na ndani wanaume kumi wamekaa na makoti yao, vikombe vya chai mbele yao, sahani ya mandazi katikati. Mwanamke mwingine alikuwa mmoja tu, wa kuandika kumbukumbu za kikao. Nilipewa dakika ishirini.

Nikachomeka waya wa simu. Hakuna mlio. Nikachomoa, nikachomeka tena. Simu ya ukumbi ule ilikuwa imekatika, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Dakika saba zilikwisha nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, na nilisikia mmoja akifungua gazeti.

Binti akainama karibu nami. "Mwalimu, niko na bahasha," akasema.

Ilikuwa bahasha ya kaki, imefungwa, imeandikwa jina la rafiki yake wa Buruburu. Alikuwa amepanga kuipeleka kwa mkono Jumamosi. Nikamtazama, tukaelewana.

Niliwaendea maafisa wawili waliokaa bega kwa bega. Nikampa wa kwanza bahasha nikamwomba ampe jirani yake. Akampa. "Hivyo ndivyo kituo kilichozimwa kinavyofanya kazi," nikasema. "Sasa tufanye kama tunavyotakiwa kufanya leo." Nikaichukua, nikampa binti, nikawaeleza: mwenzake amesimama getini, ng'ambo ya barabara. Pale ndipo Marekani. Bahasha itashuka ngazi zote, itavuka barabara, itaandikwa saa, itavuka tena na kupanda, halafu ndipo imfikie bwana aliye umbali wa kiwiko.

Akatoka. Tulisikia viatu vyake ngazini, vikipungua, vikapotea. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kujaza muda ule, nikaamua kunyamaza. Walitazama mlango. Mmoja akatazama saa. Chai ikashika utandu wa maziwa juu, na yule mwenye gazeti akaukoroga kwa kijiko bila kunywa, macho mlangoni. Dakika nne ni ndefu sana watu kumi wakisubiri bahasha.

Aliporudi alikuwa anahema, jasho kwenye paji la uso na matope ya barabarani kwenye soksi. Akampa afisa wa pili bahasha kwa mikono miwili.

"Hiyo ni barua," nikasema. "Bado jibu." Binti akageuka kwenda tena.

Mwenyekiti akainua mkono. "Hapana, Mwalimu. Mwache mtoto apumzike." Akakaa kimya kidogo. "Na hizi ngazi, nani anazilipia?"

"Sisi, Bwana Mwenyekiti. Za kushuka na za kupanda."

Akaandika kitu. Maswali yakaanza, na sasa yalikuwa maswali ya watu wanaotaka kujua: suichi inagharimu kiasi gani, nani ataisimamia, je, mtu anaweza kupitisha simu za nje kwa mlango huo? Hilo la mwisho ndilo lililokuwa limewaogopesha wakubwa, na nililijibu taratibu. Suichi inapeana ujumbe kati ya walioungana nayo tu. Haina waya unaotoka nje ya nchi.

Katikati ya mazungumzo hayo nikaona yule afisa wa pili ameigeuza bahasha na kuingiza kidole gumba chini ya mkunjo. Nadhani hakuwa na nia mbaya; alitaka kuona mfano umekamilika. Karatasi ikaanza kuchanika.

"Samahani, mzee," binti akasema. "Hiyo ni barua ya rafiki yangu."

Ukumbi ukatulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mbele ya watu wenye umri wa baba yake, na sauti yake haikuwa ya chini tena. Afisa akamtazama mwenyekiti, akatazama kidole chake, kisha akasimama, akamrudishia bahasha na kusema, "Pole, mama." Mwaka 2019, Kenya ilipopata Sheria ya Ulinzi wa Data, nilisoma vifungu vyake nikiwa naona kidole kile chini ya mkunjo wa kaki.

Sitadai kwamba bahasha yetu ilifungua kituo. Kilifunguliwa na watu waliojadiliana na mamlaka kwa karibu mwaka mzima, hoja kwa hoja, mpaka leseni ikapatikana, na KIXP ikawashwa tena Februari 2002. Sera ya taifa ya TEHAMA yenyewe ilisubiri mpaka 2006. Mimi nilialikwa kwenye vikao vingine baada ya kile, na kila nilipoalikwa nilikwenda na mwanafunzi. Waliokuwa wakinialika walizoea kuweka kiti cha pili.

Binti alikuwa ameshamaliza kozi kituo kilipowashwa. Alipata kazi kwenye ghala la vipuri huko Industrial Area, akitunza rekodi za mali, na ofisi yao ilikuwa na barua pepe kwa kampuni nyingine ya hapa hapa mjini. Kwa wenye anwani za Yahoo hakuna kilichobadilika; barua zao bado zilikuwa zinakaa ng'ambo. Lakini anwani yake ilikuwa ya Nairobi.

Siku niliyosikia kituo kimerudi nilibaki darasani wanafunzi walipoondoka. Modemu ikalia, nikaifungua ile programu, nikaielekeza kwenye mtambo wa ofisi yake. Ikatoa mistari minne, ikakoma. Nikahesabu tena kwa kidole kwenye skrini: minne, yote ya Nairobi. Kisha nikamwandikia.

Jibu lilikuja kabla sijakata laini. "Mwalimu, imefika na wino haujakauka. Nimwambie na shangazi?"