Siku moja na washauri wa vijana, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Saa 1 asubuhi: fomu, kalamu za akiba, bodaboda, vumbi. Saa 2 tuko chini ya mwembe. Vijana wengi tunaowahudumia ni Wakongo, kwa hiyo kazi inakwenda kwa Kiswahili. Wanatuita dokta, na wala sisi si madaktari. Wengine hudhani tunalipwa kwa kupiga soga.

Saa 2 na nusu, PHQ-9, fomu ya kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Anayefikisha 10 anaitwa kwenye kikundi cha tiba. Ingekuwa kazi ya dakika kumi, lakini inakula saa nzima kwa ajili ya swali la 5: wiki mbili hizi umekosa hamu ya kula? "Sijala tangu jana." Ukiandika 3 umekosea, hiyo ni njaa. Uliza upya: ugali ukiwa mbele yako, mkono unakwenda? Ukienda, hamu ipo. La usingizi nalo vilevile. Wakilala saba chini ya turubai linalovuja, tatizo ni turubai.

Halafu kuna mama mdogo anayemjibia binti. "Huyu ni kiburi tu, dokta." Ukimfukuza, binti haletwi tena. Anawekewa kiti hatua ishirini mbali, anaona ila hasikii. Anasogea. Anarudishwa. Anasogea tena.

Swali la 9 halizungukwi. Unauliza waziwazi kama amewaza ni afadhali afe. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali: amepanga? Kwa kutumia kitu gani? Kitu chenyewe kiko nyumbani? Kama ni dawa ya wadudu ya shambani, inahamishwa leo leo, na kijana haachwi peke yake hadi afikishwe kituo cha afya. Akiandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, apewe ya wiki moja tu, maana ikizidi huharibu mapigo ya moyo.

Saa 5 kikundi: watu wanane, dakika 90, kikao cha 4 kati ya 8. Hatuhubiri. Kila mmoja anataja kilichomshusha wiki hii, iwe msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha au upweke, na wenzake wanamsaidia kuchagua hatua moja ya kujaribu. Tiba hii ya vikundi ilijaribiwa Masaka na Rakai, hapa hapa Uganda, matokeo yakachapishwa 2003, na walioviongoza hawakuwa wataalamu wa tiba. Tukiulizwa vyeti, tunalitaja hilo.

Leo wamekuja watatu. Ni siku ya mgao, na hatukuangalia ratiba. Kikundi kinasogezwa mpaka alasiri, wanafika na viroba vya unga kichwani, wamechoka kuliko sisi, na bado wanazungumza dakika zote 90.

Baadaye, sijui saa ngapi, ni kuwafuata majumbani waliokosa vikao viwili, kisha kujumlisha fomu mara mbili. Kosa la alama moja, 9 badala ya 10, linamfungia mtu nje. Binti wa asubuhi ana 17. Jumatano kiti cha mama mdogo kiwekwe hatua thelathini.