Vile micro:bit zimeamsha darasa langu hapa Lamu

Nafundisha sayansi gredi ya saba na ya nane hapa Lamu mjini, na kwa muda sasa natumia vile vidude vinaitwa micro:bit darasani. Walimu wenzangu wa Faza na Mpeketoni wananiuliza sana naanzia wapi, kwa hivyo acha niandike hapa yote.

Kwa asiyekijua, ni kijibao cha saketi, yaani kompyuta ndogo ya kujifunzia programu, kama sentimita 4 kwa 5, chaenea kwenye kiganja cha mtoto. Mbele kina taa 25 ndogo nyekundu na vitufe viwili, A na B, ndani mna sensa ya mwendo, ya joto, dira, na redio ya kuongea na vijibao vingine. BBC ndio waliokianzisha, na 2016 kule Uingereza wakawagawia bure watoto wa miaka 11 na 12, karibu milioni moja. Zetu ni toleo la pili lililotoka 2020, lile lina spika na maiki. Unaandika programu kwenye tovuti ya MakeCode kwa kupanga bloki za rangi, unachomeka kebo, kijibao chajitokeza kwenye laptopu kama flashi, unaburuta faili unaiweka mle, taa ndogo ya nyuma yametameta, tayari. Na hapo kwenye kebo muwe macho manake hizi za bei rahisi nyingi zachaji tu hazipitishi data, mtu atahangaika siku nzima akidhani kijibao kimekufa na kumbe ni waya. Intaneti ikisumbua iko appu ya MakeCode ya kuweka kwenye laptopu, inafanya kazi bila bando.

Sasa mambo yenyewe. Vidude huja na mazoezi yake, onyesha moyo, tupa dadu, na ni mazuri kwa kuzoea vitufe, lakini mimi siyarefushi. Darasa zima likifuata hatua zilezile mwisho mtapata mioyo arobaini inayofanana, na huo si ubunifu hata kidogo, na mtaala wetu wa umilisi, CBC, umeuweka ubunifu miongoni mwa umilisi wake wa msingi kabisa. Kwa hivyo wakishajua kuwasha taa na kusoma sensa, kazi ninayowapa ni moja tu: nenda nyumbani, angalia mtu anayesumbuka na jambo, rudi uniambie ni nani na ni jambo gani. Kijibao wasikiguse mpaka waniambie ni nani.

Wallahi watoto wana macho. Mmoja akamfikiria nyanyake anayepotea hesabu ya tasbihi, akapanga kitufe A kiongeze moja, B kirudishe sifuri, ikifika 33 utokee moyo. Mwingine akatumia dira kuonyesha kibla, ambayo kwetu Lamu iko karibu kaskazini kabisa, akagundua mwenyewe kwamba ukiweka simu karibu dira yapotoka manake spika ya simu ina sumaku. Kijana wa wenye punda akafunga kijibao katikati ya shogi, ile mikoba ya mzigo mgongoni mwa punda, mzigo wa mchanga ukilalia upande mmoja mshale wa taa waonyesha upande gani, ile sensa ya mwendo ndio inapima mwinamo. Hii ya punda nilifurahi nayo sana kwa sababu mnyama ndiye aliyefikiriwa kwanza.

Lakini iliyotufunza zaidi ni ya binti mmoja ambaye babake ni mvuvi. Aliniambia, "Mwalimu, baba usiku huamka kwenda kufua maji kwenye mashua, na saa zingine akifika akuta ngama, kule chini ndani yanakokusanyika maji, kavu, amevunja usingizi bure. Hii haiwezi kumwambia?" Nikamwuliza wewe waonaje, akasema ataka misumari miwili. Akaigonga kwenye kipande cha mbao, mmoja akauunga na waya kwenye 3V mwingine kwenye pini P1, akitegemea kwamba maji yakifika kwenye misumari umeme utapita na spika italia.

Ikalia mbao ikiwa kavu juu ya meza! Wenzake wakasema imeharibika, yeye akaomba tuonyeshe namba badala ya sauti. Kijibao chasoma pini kutoka 0 hadi 1023, na pale pakavu namba zilikuwa zarukaruka tu, mara juu mara chini, yaani ile pini haijashikwa na kitu chochote inaokota umeme wa hewani na wa vidole vyetu. Dawa yake ni rezista, kile kijipande cha kupunguza umeme, ya kuivuta pini chini hadi sifuri. Tukaenda kwa fundi redio mtaani Langoni, tukamwamkia, tukaeleza, akatutolea kwenye redio mbovu rezista ya kahawia, nyeusi, chungwa, yaani ohm 10,000, tukaifunga kati ya P1 na GND, ile pini ya upande wa sifuri. Namba zikatulia kwenye sifuri au hapo karibu. Tukatia mbao kwenye ndoo ya maji ya bahari, namba ikaruka karibu na kilele.

Hapo mwingine akauliza, na maji ya mvua je? Tukatia, namba ikapanda kidogo tu ikakaa chini. Darasa likalipuka. Kwa nini maji na maji si sawa? Wakaanza kutia chumvi kidogo kidogo kwa vidole huku wanaitazama namba ikipanda, na mimi somo la ioni, zile chembe za chumvi zinazopitisha umeme majini, nililokuwa nimelipanga kwa muhula ule likawa limejifundisha kwenye ndoo. Kesho yake kila mtu kaja na chupa, maji ya kisima cha kwao, maji ya bomba, maji ya Shela kule kwenye matuta ya mchanga, wakayapanga kutoka matamu hadi ya chumvi kwa namba. Wakabishana pia manake namba za chupa moja zilikuwa hazifanani, mpaka wakaona misumari ikiingia ndani zaidi namba yapanda, basi wakachora alama ya kina kwenye mbao, na umbali wa misumari ukawa haubadilishwi. Wakaona tena kwamba ukiiacha misumari majini muda mrefu yafanya vipovu na kutu na namba yahama, kwa hivyo ni kusoma haraka na kuitoa. Yote haya hayakuwa kwenye andalio langu la somo, na sikuwajibu swali hata moja kabla hawajalijaribu.

Yule binti hakuiacha mashua yake. Sasa ana vijibao viwili, kimoja mle ngamani, kingine nyumbani, vimewekewa namba moja ya kundi la redio ili visikizane. Pwani pale wazi vinapatana vizuri tu, lakini akiingia nyumbani, na mwazijua kuta zetu za mawe ya matumbawe vile zilivyo nene, ujumbe wapotea. Wamekubaliana na wenzake kiwekwe cha tatu katikati kiupokee na kuupitisha, na ugomvi uliopo ni kikae wapi, yeye ataka darini kwa shangazi yake, kijana wa punda asema dukani kwa mjomba wake ndio karibu na maji. Nimewaambia wapime kote kuwili waniletee namba.

Na kwa mwalimu ambaye hajapata vifaa bado, fungua MakeCode uone pale kando ya bloki, kuna kijibao cha kuigiza kwenye skrini, chabonyezwa na chatikiswa kama cha kweli. Sisi tulianzia hapo, watoto wanne wanne kwa laptopu moja.