Umekula? Umelala? Na choo je?

Watu wakija kukuona unaumwa watauliza umekula nini, usingizi unapata, kichwa vipi, wataweka machungwa na juisi za boksi mezani na wewe utajibu naendelea vizuri namshukuru Mungu, kumbe toka Jumapili hujaenda chooni na ukifikiria tu kwenda jasho linakutoka. Hiyo ndo ilikuwa hali yangu baada ya kumaliza matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi. Leo naisema kama ilivyo, wenye kinyaa mtanisamehe.

Kwa kifupi, nilipigwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano, kemo mara moja kwa wiki humo humo, alafu ikaja mionzi ya ndani. Sasa shingo ya kizazi na njia ya haja kubwa zimepakana kama vyumba vya uswahilini, jirani akikaanga dagaa na wewe nguo zako zinanuka, kwahiyo mionzi inayochoma uvimbe inaubabua na utumbo ulioko ukuta wa pili. Wakati wa matibabu niliharisha sana lakini nilishaambiwa mapema so sikushtuka, nakaa Gongo la Mboto na kutoka huku mpaka mjini vyoo vyote vya barabara ya Nyerere nilivijua, vya sheli, vya msikiti, vya mgahawa, kuna mama ntilie mmoja Tazara alikuwa akiniona tu nashuka kwenye daladala ananinyooshea ndoo ya maji bila kuuliza.

Kilichonikomesha kilikuja baada ya hapo. Nilikuwa na maumivu ya kiuno nikapewa morfini ya maji, na morfini inafunga choo, ndo maana wanakuandikia na dawa ya kulainisha hapo hapo. Mimi ile ya kulainisha nikaiweka kabatini. Nikajiambia juzi tu nilikuwa naharisha, leo ninywe tena dawa ya kuendesha, kwani mi mjinga? Ndio, nilikuwa mjinga. Siku ya sita ndo nikaenda, nikajikamua nimeshikilia ukuta, na wakati kinatoka nilisikia kama nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, upande wa meno. Damu ikadondoka. Nilikaa mle chooni nalia kimya kimya watoto wasisikie.

Toka siku hiyo nikaanza kukiogopa. Haja ikija naibana, nikaanza na kula kidogo ili choo kisiwepo kabisa, kumbe ukibana ndo kinakaa ndani kinakauka zaidi na kikija kutoka kinachana pale pale palipoanza kupona. Shangazi yangu akasema hiyo bawasiri, duka la dawa wakaniuzia tyubu ya bawasiri bila hata kuuliza swali moja, alafu shangazi huyo huyo akaniambia nichonge kipande cha sabuni niweke huko nyuma kama tulivyokuwa tunafanyiwa utotoni. Namshukuru Mungu sikuiweka. Nilipokuja kumhadithia sista wa kliniki alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema mama utumbo umeshaungua unaupaka na sabuni? na mtu ambae kemo imemshusha kinga hatakiwi kuingiza kitu chochote huko bila daktari kujua, hata dawa ya kawaida ya kupachika, kakidonda kadogo tu kanaweza kuingiza maambukizi kwenye damu.

Huyo sista ndo mtu wa kwanza kuniuliza. Nilimjibu naendelea vizuri, akasema hayo ya wageni, choo kinaendaje? Kinauma wakati kinatoka au baada ya kutoka? Damu ni nyekundu au nyeusi, inadondoka juu au imechanganyika na choo? Kuna makamasi? Maswali yalinitia aibu lakini ndani ya dakika kumi akaniingiza kwa daktari, daktari akaangalia, hakuna bawasiri wala nini, ni mchaniko, yaani ngozi ya mlango wa haja kubwa imechanika.

Basi nikaanzishiwa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, hii unakunywa kila siku sio mpaka uzidiwe, na jeli ya ganzi ya kupaka kabla ya kwenda. Na beseni. Beseni jamani! Maji ya uvuguvugu matupu, bila chumvi bila Dettol, unakaa dakika 10 mpaka 15 baada ya choo na usiku kabla ya kulala, ile misuli iliyojikaza kwa woga inalegea mpaka unasinzia. Nilinunua la bluu, wiki hiyo hiyo mama mkwe akalikuta akalowekea maharage, sikuwa na nguvu ya kumweleza nikanunua lingine nikaliandika kwa maka pen.

Vingine nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa naenda asubuhi baada ya uji, maana tumbo likipokea chakula utumbo wa chini nao unaamka, na sikai muda mrefu, kisipokuja natoka. Tuna choo cha kuchuchumaa ambacho kwa kazi hii ndo chenyewe, ila baada ya kemo magoti yalikuwa hayanibebi, ikabidi nitumie cha kukaa cha dada yangu jirani na kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu. Badala ya kujikamua napuliza pumzi kwa mdomo taratibu kama napuliza mkaa. Kujisafisha ni maji tu, tishu nilizipiga marufuku, alafu nakausha kwa kugusa gusa na kipande cha khanga kuukuu, sifuti. Chakula kilichonisaidia kuliko vyote ni mlenda, ule wa unga kutoka Dodoma (mama mkwe huyo huyo ndo aliuleta, nikamsamehe ya beseni), pamoja na papai na maji mengi. Pilipili niliiaga.

Baada ya wiki kama sita nikapona nikasahau.

Alafu mwezi wa kumi na moja hivi toka nimalize mionzi, likaja jambo jingine. Sasa choo ni laini kabisa lakini napata haja kila saa, nikienda yanatoka makamasi na damu kidogo, nikisimama tu haja hiyo imerudi. Nikasema mchaniko umerudi, nikaongeza mlenda na laktulosi, ikawa mbaya zaidi! Nikaangaliwa kwa kamera, kumbe ni utumbo wenyewe uliobabuliwa na mionzi, na hii huwa inaweza kuchelewa hivyo, miezi au hata miaka. Nikapewa dawa ya sukralfeti ya kupitisha nyuma usiku, unalala ubavu wa kushoto unaibana kadri unavyoweza, na hapa wao ndo waliopima wakaniruhusu, sio shangazi. Mboga za majani nyingi, dona na mahindi ya kuchoma nikaambiwa nipunguze kwa muda. Yaani kile kilichoniponya mwanzo ndo kilikuwa kinanichokoza, ndo maana siku hizi mtu akiniambia choo kinamuuma sikimbilii kumpa dawa yangu.

Walinipa na vitu vya kutosubiria tarehe ya kliniki: damu nyingi au choo cheusi kama lami, homa, tumbo kujaa na kutapika huku hata upepo hautoki, na upepo au choo kupitia ukeni. Hilo la mwisho najua hakuna anaetaka kulisema kwa sauti.

Jana nilimpigia mwenzangu mmoja tulikuwa tunakaa benchi moja kusubiri mashine. Nikamuuliza hali, akasema naendelea vizuri dada. Nikamwambia na choo? Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Alafu akasema, "subiri nifunge mlango." Tuliongea mpaka vocha ikaisha.